Samehe, Yaishe? Mwongozo wa Kuutua Uchungu wa Zamani Bila Kuitupa Haki Yako

"Samehe, yaishe." Mweleze mtu wa Mombasa kwamba umedhulumiwa, na jibu hilo litakufikia kabla hujamaliza habari yako. Shangazi atalisema, jirani atalisema, na mzee wa familia atalisema kwa sauti ya chini huku akikukumbusha stara ya nyumba. Wote wanakutakia kheri. Tatizo ni kwamba kauli hiyo fupi imebeba amri tatu kwa mpigo: acha hasira, acha madai, rudianeni. Anayeiweza ya kwanza lakini ya tatu ikamshinda hujiona ana roho mbaya, akaishia kuiacha hata ile aliyoiweza. Na anayekwenda kudai haki yake huambiwa bado ana kinyongo.

Mwongozo huu unazichambua amri hizo moja moja. Uchungu ulio moyoni ni jambo moja, haki yako ni la pili, na uhusiano wako na aliyekuumiza ni la tatu. Kila moja lina njia yake na muda wake. Unaweza kuutua uchungu leo, kesi ikaendelea miaka miwili, na salamu zisirudi kamwe. Unaweza pia kulipwa haki yako yote ukabaki na uchungu uleule.

Kwamba moja haliji na lingine, tumeliona. Agosti 1997 Likoni, hapa Mombasa, iliwaka: watu waliuawa, nyumba na vibanda vikachomwa, maelfu wakakimbia makwao. Miaka kumi baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, sehemu nyingine za Kenya zikaonja hayo hayo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikasikiliza watu na kukabidhi ripoti yake Mei 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akasimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Radhi ikaombwa, tena hadharani. Lakini aliyechomewa duka alikuwa bado na maswali yake matatu: Mali yangu itarudi? Yule jirani wa wakati ule nimsalimieje? Na hiki kinachonibana kifuani kitatoka lini? Hotuba moja haiwezi kuyajibu yote, na hata kikao kimoja cha familia hakiwezi.

Kabla ya yote: je, ni ya zamani kweli?

Yaliyomo humu ni ya maumivu yaliyokwisha kupita. Kama mume bado anakupiga, au yule aliyekuchezea ukiwa mtoto bado analala chumba cha pili, hujafika mahali pa kutua chochote. Toka kwanza kwenye hatari. Nambari 1195 haitozi pesa na hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia usiku na mchana. Ya watoto ni 116. Aliyebakwa afike hospitali haraka iwezekanavyo na isipite saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wake. Asioge wala asifue nguo kabla ya kuonwa na daktari.

Ukiwa unawaza kufa, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au mwambie mtu leo hii. Kuna walionyamaza kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Usinyamaze kwa sababu hiyo.

Pia kuna uchungu ambao umeshakuwa ugonjwa. Miezi imepita na bado unaliona tukio kana kwamba linatokea sasa hivi, mlango ukibamizwa unaruka, usingizi huna, mtaa fulani huupiti kabisa. Hapo daftari na mazungumzo havitoshi, unahitaji mtaalamu. Anzia Hospitali Kuu ya Pwani au kitengo cha afya ya akili kilichoko Port Reitz. Anayetaka kusomewa dua au kunywa kombe, yaani maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, na anywe. Zafarani na marashi havigombani na daktari. Ubaya ni pale mganga anapokwambia uache dawa, au anapokutajia jirani aliyekuroga. Ulikwenda na adui mmoja, unarudi nyumbani na wawili.

Liandike, na uliandike lilivyotokea

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, alichapisha utafiti uliofanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Walipewa dakika 15 za kuandika kila siku, kwa siku nne mfululizo. Baadhi waliambiwa waandike mambo yasiyo na uzito wowote. Wengine waliambiwa waandike jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi siku hiyo. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Njia hiyo imejaribiwa tena na wengi tangu wakati huo. Matokeo hayalingani kwa kila mtu, ila ni rahisi na haina gharama, na mimi ndiyo ningeianza kabla ya nyingine yoyote.

Nunua daftari la shule. Chagua siku nne ambazo huna arusi wala safari. Andika dakika 15 hadi 20 bila kusimama, bila kujali hati wala tahajia. Ukikwama, rudia sentensi ya mwisho mpaka nyingine ije. Tukio likiwa la juzi tu, ngoja. Siku za mwanzo za msiba mtu anahitaji watu na uji, si kalamu. Na ukiona unapoandika mwili unatetemeka na huwezi kutulia baadaye, acha, hilo ni la kwenda nalo kwa mshauri.

Siku ya kwanza wengi huandika hukumu: "Kaka yangu alinidhulumu nyumba ya baba." Hukumu hiyo umeshaitoa mara elfu moyoni, haitakuonyesha kitu kipya. Andika ulichokiona na kukisikia. Tuchukue mfano wa kutunga, dada mmoja wa Kibokoni:

"Ilikuwa arubaini ya baba. Niko jikoni nakamua tui, mikono imejaa chicha. Kaka akaja na karatasi na kalamu, akasema tia saini hapa, ni mambo ya baba, haraka, wageni wanangoja wali. Nikafuta mkono kwa leso nikatia saini. Sikusoma. Bi mkubwa aliyekuwa akichambua mchele alituangalia, kisha akainamisha kichwa."

Ona kilichojitokeza. Miaka yote alidhani hasira yake ni ya kaka peke yake. Kumbe sehemu kubwa ni ya kwake mwenyewe, kwa kutia saini bila kusoma, na nyingine ni ya yule bi mkubwa aliyeona akanyamaza. Hayo hayakuwahi kutajwa kwenye kikao chochote, kwa hiyo hakuna kikao kilichoweza kuyatibu.

Siku ya pili endelea na hayo yaliyojitokeza. Ya tatu, andika jambo hilo lilikuchukulia nini, na lipi halikuweza kulichukua. Ya nne, jiulize swali moja tu: wakati ule nilijua nini, na sikujua nini? Dada wa Kibokoni hakujua kwamba karatasi ile ni ya kuuza. Alijua kwamba kaka yake ni mtu wa kuaminika, maana hajawahi kumdanganya tangu utotoni. Akijihukumu, na ajihukumu kwa alichokuwa anakijua siku ile, asitumie alichokuja kukijua baadaye.

Wengi watauliza: niandikie wapi, katika nyumba ya vyumba vitatu na watu tisa? Kwenye gati la feri, kwenye baraza la ofisi saa ya chakula, ufukweni Mama Ngina asubuhi kabla wauza mihogo hawajafika. Ukimaliza zile siku nne daftari si lazima libaki. Chana karatasi na kuziloweka kwenye ndoo ya maji usiku mmoja. Wino unatoka, karatasi inakuwa ugali. Watu hupenda kuchoma, lakini katika Mji wa Kale moshi huleta maswali. Asiyependa kuandika ajirekodi kwenye simu, kisha afute. Tahadhari moja tu: usirekodi ndani ya WhatsApp. Kidole kikiteleza, limefika kwa ukoo mzima.

Gawa mambo mafungu matatu

Fungua ukurasa mpya, chora mistari miwili ya kwenda chini, upate safu tatu: Uchungu, Haki, Uhusiano. Sasa pitia ulichoandika na uweke kila jambo kwenye safu yake. Kwa yule dada, safu ya uchungu itakuwa na: kuonekana mjinga mbele ya ndugu, kuipita nyumba aliyozaliwa na kuona pazia za watu wengine. Safu ya haki: fungu lake la mirathi. Safu ya uhusiano: kaka huyu ndiye mjomba wa wanangu, na mwakani binti yangu anaolewa.

Sheria ya ukurasa huo ni kwamba hakuna safu inayoingoja nyingine. Kinachowafunga watu miaka ishirini ni sentensi ya aina hii: "Siku atakapoomba radhi ndipo roho yangu itatulia." Huko ni kumkabidhi aliyekuumiza funguo za usingizi wako. Yeye huenda ameshasahau, au anajiona yeye ndiye aliyedhulumiwa, au amekufa.

Safu ya haki: ipe tarehe

Hii ndiyo safu inayorukwa, na ndiyo yenye saa inayokimbia. Kwa sheria ya Kenya, dai la mkataba, ukiwemo mkopo usiolipwa, hudumu miaka 6. Dai la madhara uliyofanyiwa kwa kosa au uzembe wa mtu ni miaka 3. La kurejesha ardhi ni miaka 12. Ukisubiri moyo upoe ndipo uende, unaweza kukuta mlango umefungwa. Deni la chama au biashara lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, na unaweza kujisimamia bila wakili. Waislamu wanaokubali mamlaka hayo wana Mahakama ya Kadhi, iliyomo ndani ya Katiba, kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Na hapa niseme wazi, kwa kuwa barazani halisemwi: katika mirathi ya Kiislamu fungu la binti ni nusu ya la ndugu yake wa kiume, lakini nusu hiyo ni haki yake kamili. Kaka hamgawii kwa hisani, na kuidai si kuvunja udugu.

Kwenda mahakamani si lazima kuwe na chuki. Kuna watu wanaodai kwa utulivu kabisa, wanasalimiana kwenye ngazi za mahakama, na wanakunywa kahawa tungu kwa muuzaji mmoja wakingoja kuitwa.

Lakini si kila haki inadaika. Ushahidi hakuna, muda umepita, aliyekula pesa hana kitu. Hapo unahitaji kuamua, na uamuzi uwe na tarehe. Mwenye duka anayekopesha mtaani ana majina ya watu ambao anajua hawatalipa. Huyapiga mstari. Hajasahau nani anadaiwa, wala hatamkopesha tena, ila ameacha kuihesabu ile pesa kama pesa yake anapopanga mwezi. Andika kwenye safu ya haki: "Hili nimeliacha, tarehe fulani, kwa sababu fulani." Sababu ni muhimu, kwa kuwa miaka mitatu baadaye mtu atakuuliza mbona ulikubali, na wewe mwenyewe utakuwa umesahau kwamba ulipiga hesabu.

Safu ya uchungu

Hapa ndipo penye kazi.

Anza na usiku, maana ndio unaotesa. Taa imezimwa, feni inazunguka, na maneno ya miaka kumi iliyopita yanaanza kujisema upya, safari hii ukiwa na majibu mazuri zaidi. Kujikataza kuwaza hakusaidii. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, na wagonge kengele kila akiwajia. Kengele ilizidi kulia, na walipokuja kuruhusiwa kumuwaza, aliwajia zaidi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa kwanza.

Badala ya kuyakataza mawazo, yape miadi. Chagua dakika 20, baada ya alasiri ni wakati mzuri, mahali pamoja palepale kila siku, pasiwe kitandani. Wakati huo waza kwa makusudi: kasirika, lia, jibu. Dakika zikiisha ondoka mahali hapo kwa miguu. Yakija usiku, yaambie, "Kesho alasiri." Siku za mwanzo utajiona mwehu. Baada ya wiki mbili tatu wengi hugundua kwamba alasiri imefika na hawana mengi ya kusema, kwa kuwa jambo lenye saa yake halina haja ya kukuvamia saa nyingine.

Mwili nao una fungu lake. Hasira ikipanda, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita au saba, mara kumi. Pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia, mapigo ya moyo hupungua; ni jinsi mwili ulivyoumbwa, haihitaji imani yoyote. Tembea. Ogelea kama unaweza. Lakini muguka, yale majani ya jamii ya miraa, uache. Vijana wengi wetu wanautafuna ili kusahau, na unafanya kinyume: unaiba usingizi, kisha unamwacha mtu macho saa tisa ya usiku akiwa na mawazo yanayokwenda mbio.

Kuna dawa nyingine ya uongo ambayo ni yetu hasa, nayo ni kijembe. Mombasa tuna ufundi wa kusema bila kusema. Mtu atakwenda Biashara Street apekue leso, aichague kwa jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, aivae siku ya arusi ili fulani aisome. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na status. Siwalaumu, na nyingine zimetungwa vizuri kushinda mashairi ya washairi. Ila fikiria kazi inayofuata: umeweka status saa mbili, hadi saa sita unaangalia ameiona au la, ameiona lakini hajajibu, shoga yake ameweka yake, ile ni ya kwangu? Siku nzima umeishi naye nyumba moja. Jaribu mwezi mmoja bila mafumbo, na bila kuchungulia kurasa zake.

Badala yake, mtafute mtu mmoja wa kumwambia kwa maneno ya wazi. Sifa yake kubwa iwe ni kunyamaza. Mwambie kabla hujaanza: "Sitaki ushauri leo, nataka unisikilize." Usichague ndugu anayewapenda nyote wawili, maana unampa mzigo ambao hautakaa kwake. Na wanaosema kulalamika ni kukosa subira wakumbushe kisa cha Nabii Yaakub, aliyemlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe. Alikuwa nabii, na alilia.

Kisha inakuja kusamehe kwenyewe. Everett Worthington, mtafiti wa Marekani, alikuwa tayari anautafiti msamaha pale mama yake alipouawa na mtu aliyevunja nyumba yake, mwanzoni mwa mwaka 1996. Katika kazi zake hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Uamuzi unaweza kuutoa asubuhi moja: sitalipiza, sitamtakia mabaya, sitawalisha wanangu chuki yake. Hisia huja nyuma, kwa mwendo wake, na pengine miaka. Ukilijua hili hutaogopa siku hasira itakaporudi baada ya kuona gari lake limeegeshwa Mwembe Tayari. Hisia imerudi, uamuzi uko palepale. Useme kwa sauti na uupitie tena.

Anayeona hawezi hata huo uamuzi, asijilazimishe. Yapo mambo, hasa waliyofanyiwa watoto, ambayo mtu anaweza kuishi vizuri, akalala, akacheka, akalea, bila kutamka kwamba amesamehe. Lengo lake liwe ni kuacha kuongozwa na tukio lile.

Aliyekuumiza akiwa mzazi

Hili linahitaji mahali pake, kwa sababu ya radhi. Mtoto wa Pwani hufundishwa kwamba mzazi akikukasirikia mambo yako hayanyooki, basi hata kuandika "mama alinipiga mpaka nikazimia" mkono hutetemeka. Unaogopa kuandika ukweli unaoujua.

Heshima na ukweli havigombani. Unaweza kumhudumia mama, ukampeleka hospitali, ukambusu mkono, na ukajua moyoni kwamba alichofanya hakikuwa malezi. Usichopaswa kufanya ni kukiita malezi, kwa kuwa ukikiita hivyo utakirudia kwa wanao. Fanya zoezi la siku nne kama wengine, halafu ongeza ukurasa wa tano: yeye alilelewa na nani, na alitendewaje? Mara nyingi utakuta mtu aliyepokea alichokupa. Hilo halimfutii kosa, linakuondolea tu lile swali la kitoto lililokukaa: nilikuwa na ubaya gani?

Je, umwambie? Mzee wa miaka themanini hatakaa kwenye kikao cha kushtakiwa. Ukitaka kusema, chagua jambo moja, mkiwa wawili, kwa upole: "Mama, siku ile ya skuli, iliniuma sana." Kisha nyamaza. Anaweza kukana. Anaweza kusema, "Tulikuwa hatujui." Hilo la pili, kutoka kwa watu wa rika lake, ni radhi kubwa, lipokee.

Na mzazi aliyekufa naye husemeshwa. Andika barua, isome kaburini au chumbani, umwombee dua au misa kwa imani yako.

Safu ya uhusiano

Kuna daraja tatu: kurudiana kama zamani, kusalimiana tu, na kukaa mbali. Watu hudhani ya kwanza ndiyo yenye thawabu na nyingine ni upungufu. Kwa maoni yangu kurudiana kuna bei, na mwenye kulipa ni yule aliyekosa. Alitaje kosa kwa jina lake ("niliuza nyumba bila kukwambia", asiseme "kama nilikukosea"). Arekebishe linalorekebika, na muda upite umuone akitenda tofauti. Likikosekana lolote kati ya hayo, kusalimiana kunatosha kabisa.

Kikao cha suluhu kikiitwa, uliza mapema: nani atasimamia, ni jambo gani hasa litazungumzwa, na je, nina ruhusa ya kusema "sijawa tayari"? Msimamizi asiwe anayefadhiliwa na upande mmoja. Usikubali kikao cha kushtukizwa, kile unachoitiwa chai na mahamri ukamkuta ameshakaa. Omba tarehe nyingine, kwa adabu, kisha ondoka.

Radhi za Idi na za anayekwenda hija zina utata wake. Mtu anapiga simu mlolongo, "Nisamehe, nami nimekusamehe," ndugu arubaini kwa dakika sitini. Mjibu kwa uzuri, "Allah akutakabalie," na safu yako ya haki ibaki ilivyo. Ukipenda, ongeza: "Lile la nyumba tutalizungumza ukirudi salama."

Siku mtakayokutana

Kisiwa ni kidogo, mtakutana. Kwenye feri, Marikiti mbele ya vitunguu, msibani ambako huwezi kukosa kwenda. Jitayarishe ukiwa nyumbani, kwa sentensi mbili, uzifanyie mazoezi kwa sauti. Moja ya kuanza: "Hujambo, nyumbani hawajambo?" Moja ya kumaliza: "Haya, naharakisha, tutaonana." Kati ya hizo hakuna la tatu. Akisema "Bado una kinyongo tu?" usijitetee wala usieleze; rudia ile ya kumaliza. Arusini, kaa meza yenye mtu anayejua habari yako na mpe ishara mapema. Msibani, mpe mkono kama unavyowapa wengine, kisha nenda jikoni ukashike kazi au ukakae na wazee.

Ukifika nyumbani usikimbilie simu kumsimulia mtu papo hapo. Kula, oga, lala. Kesho yake alasiri, katika zile dakika 20, andika mistari michache: mwili ulifanya nini, ulisema nini, safu ipi imesogea. Ikiwa ni ya haki iliyosogea, kwa mfano ametamka mbele ya watu kwamba nyumba ile aliiuza yeye, andika maneno yake kama alivyoyasema, majina ya waliosikia na tarehe, na upeleke nakala kwa anayekusimamia kesi.